Uliza Sista: Sindano ya hospitali inafikaje dampo?

Wiki hii nimeweka maswali mengine kando. Tangu mpox, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, ithibitishwe hapa Kenya mwisho wa Julai 2024 barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu tulichokuwa tunauliza tangu korona iingie Machi 2020, kwamba hizi glavu, bandeji, sindano na mipira ya dripu zikitoka wodini zinaenda wapi, na ni mikono ya nani inazigusa huko njiani. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na ni jambo linaloniuma, kwa hivyo mnisamehe nikiongea sana mahali pengine.

*Sista, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Kariobangi. Kijana wangu mkubwa huokota plastiki pale dampo ya Dandora anauza kwa kilo. Jana jioni alikuja na kidole kinauma, anasema amedungwa na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko mweusi na ilikuwa na damu. Alikifinya sana damu itoke alafu akakiosha na mafuta taa. Jirani ananiambia nitulie tu, nimpeleke akapimwe ukimwi baada ya miezi mitatu. Nifanye nini? – Mama wa Kariobangi*

Mama, wewe nilikupigia simu saa ile ile barua ilipofika, manake jambo kama hili haliwezi kungoja gazeti litoke. Naliandika hapa kwa ajili ya wengine.

Jirani yako amekosea na kosa lenyewe ni la hatari. Mtu akidungwa na sindano asiyoijua ilitoka kwa nani, hangoji miezi mitatu, anaenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna dawa za kuzuia HIV zinaitwa PEP, zinafaa kuanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya masaa machache ikiwezekana, na zikipita saa 72 hazianzwi tena. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kwenye vituo vya serikali dawa za HIV hutolewa bure, kwa hivyo mtu asikae nyumbani ati hana pesa. Hata kama ni Jumapili usiku, mpeleke kasualti, sema neno moja tu, "amedungwa na sindano", watajua.

Kidole kinaoshwa na maji yanayotiririka na sabuni, basi. Hakifinywi, hakinyonywi, hakipakwi mafuta taa wala jik wala spiriti kali, manake hizo zinachoma nyama na kufungua njia zaidi.

Watu wakidungwa wanafikiria ukimwi peke yake. Kwa hesabu zinazotumika hospitalini, sindano yenye damu ya mtu mwenye HIV ikimdunga mtu mwingine, anayeambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Ya homa ya ini aina ya C ni karibu 18 kati ya 1,000. Lakini homa ya ini aina ya B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, inaweza kufika 300 kati ya 1,000! Na kirusi hicho cha B kinakaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Kwa hivyo mwambie kijana aombe pia chanjo ya homa ya ini B, ni sindano tatu, na ya pepopunda, akimaliza hizo ndio tuongee mengine.

Sasa mama umeuliza mwishoni mwa barua, kwenye ile sehemu sikuichapa, kwamba kwani hospitali hazijui watoto wetu wako pale chini. Nikujibu vile naona. Sindano haifiki Dandora kwa sababu kuna mtu mbaya anataka kuumiza mtoto wako. Inafika kwa njia ndogo sana. Nesi amemaliza kumdunga mgonjwa, sindano iko mkono wa kulia. Boksi la manjano la sindano linafaa kuwa pale pale, karibu na kitanda, afikie bila kupiga hatua. Kama boksi liko mwisho wa wodi, au limejaa mpaka sindano zinachungulia, ataiweka kwenye trei kidogo, aendelee kushika pamba pale mgonjwa anatoka damu. Mgonjwa wa kitanda cha pili anaita. Pamba inaangukia trei, inafunika sindano, alafu mtu anakuja anakusanya trei yote anamwaga kwenye pipa la mfuko mweusi. Kutoka hapo hakuna mtu mwingine atakayeiona hiyo sindano mpaka iingie kwenye kidole cha mtu. Ni kitendo cha sekunde kumi. Mimi kila nikiona wodi yenye boksi moja tu mlangoni huwa najua tayari kuna mtu ataumia, na si daktari.

Na Dandora yenyewe haikutakiwa kuwa bado inapokea taka za Nairobi. Imetumika tangu miaka ya sabini, ikatangazwa imejaa mwaka wa 2001, na mwaka wa 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hawa wenye makao Gigiri hapa Nairobi, walipima watoto 328 wa maeneo hayo na nusu wakapatikana na risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika, nasema risasi ile madini, siyo ya bunduki. Watoto tayari wamebeba hiyo, alafu tuwaongezee sindano.

*Sista shikamoo. Nafanya usafi kwenye kliniki moja ya kibinafsi huku Eastlands. Wakati wa korona bosi alisema kila kitu kinachotoka ndani ni korona kwa hivyo tulikuwa tunatia kila kitu mfuko mwekundu, hadi maganda ya ndizi na makaratasi ya ofisi. Sasa anasema mifuko ya rangi ni ghali na gari la kuchukua taka za hospitali ni ghali, tutumie nyeusi tu, mkokoteni wa mtaa utabeba. Naogopa kuongea sana ni kibarua tu. – Kijana wa usafi*

Marahaba kijana wangu. Vile mlifanya wakati wa korona na vile anataka mfanye sasa ni kosa moja lenye sura mbili, kuchanganya taka.

Taka zinazotoka hospitalini, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 85 ni taka za kawaida kama za nyumbani, makaratasi, mabaki ya chakula, boksi za dawa. Hatari iko kwenye ile 15 iliyobaki. Ukichanganya, 15 inachafua 85 na sasa una mia ya kupeleka kwa tanuri la kuchomea taka. Ndio ilitokea kila mahali wakati wa korona, kila kitu kilichukuliwa kuwa na ugonjwa kwa ajili ya hofu. Wuhan kule China, mji ambao ulikuwa na uwezo wa kuharibu kama tani 50 za taka za hospitali kwa siku, wakati wa kilele zilipita tani 200 kwa siku. Hakuna tanuri linalojengwa kwa wiki moja likamaliza hiyo. Na si wao peke yao, shirika hilo hilo liliripoti mapema 2022 kwamba dozi bilioni 8 za kwanza za chanjo ya korona ziliacha tani 144,000 za mabomba ya sindano, sindano na maboksi yake, na kwamba vituo vya afya 3 kati ya 10 duniani havikuwa na uwezo wa kushughulikia hata taka vilivyokuwa navyo kabla ya janga. Hiyo ndiyo sababu nasema hakuna kazi kubwa wakati wa mlipuko kama ya mtu anayesimama na kitu mkononi akaamua kinaingia pipa gani. Wewe ni mmoja wao.

Kwa mpangilio wetu wa Kenya, mweusi ni taka za kawaida. Manjano ni zile zina ugonjwa, glavu zenye damu, bandeji, pamba. Mwekundu ni zile kali zaidi, sehemu za mwili na taka za maabara, na kondo la nyuma wengi wana shimo lake maalum. Sindano na vitu vyote vya ncha vina boksi lake gumu lisilotoboka na boksi hilo halijazwi pomoni, likifika robo tatu linafungwa, halifunguliwi tena, wala hakuna kulisukuma na mkono ati liingize nyingine mbili. Sindano pia hairudishiwi kifuniko chake, watu wengi hudungwa hapo hapo wakijaribu kuifunika.

Kitu kingine ambacho sijui kama mlifunzwa. Mfuko wa taka haubebwi ukiwa umeukumbatia na haubebwi kwa kuushika chini. Nimeona watu wa usafi wengi wakiutupa begani kama gunia la viazi, au unaning'inia unagongagonga paja, na ikiwa kuna sindano moja ndani ilijificha kwenye pamba, ni paja lako. Ushike juu pale pamefungwa, uwe mbali na mwili, na usijazwe kupita robo tatu ndio shingo ipatikane ya kufunga. Vaa gamubuti na zile glavu nzito za mpira, hizi nyembamba za daktari ni za kupima mgonjwa, sindano inapita kama hakuna kitu.

Kuhusu bosi wako. Usiende kwake na neno la sheria kwanza, enda na neno la pesa. Kampuni za kuchoma taka za hospitali hulipisha kwa kilo. Kwa hivyo yale maganda ya ndizi mlikuwa mnatia mfuko mwekundu alikuwa anayalipia kama damu. Mkitenganisha vizuri, kile kinachoenda kuchomwa kinapungua sana na bili inapungua. Mwambie hivo. Akikataa, basi sheria ipo: kanuni za taka zinasema mwenye kuzalisha taka ndiye mwenye jukumu la kuzitenganisha na kuhakikisha zimeharibiwa vizuri, na anayezibeba lazima awe na leseni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira. Mkokoteni wa mtaa hauna leseni hiyo. Siku kitu kikishikwa dampo kina jina la kliniki, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Na kama wewe unaogopa kusema peke yako, mwombe nesi wenu aseme, kwenye kliniki ndogo nesi huskizwa zaidi. Alafu hakikisha umechanjwa homa ya ini B, hiyo ni haki yako kama mfanyakazi wa mahali kama hapo, si zawadi.

*Dada, babu yetu ana sukari, anajidunga insulini kila siku hapa nyumbani Kayole. Sindano tumekuwa tukitupa kwa taka ya jikoni tukiwa tumezifunga kwa gazeti. Ni sawa? – Mjukuu*

Si sawa. Gazeti halizuii sindano. Tafuta chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ya sabuni ya maji au ile ya jik ikiisha, usitumie ya maji ya kunywa ni laini mno. Bandika karatasi uandike SINDANO, uiweke mahali watoto hawafikii, babu akimaliza kujidunga anaiangusha humo yeye mwenyewe bila kuirudishia kifuniko. Ikifika robo tatu funga, izungushie selotepu, mwende nayo kwa kliniki yake ya sukari siku ya miadi muwape watie na zao. Wakileta maneno ombeni kuongea na nesi msimamizi.

*Sisi wakaaji nyuma ya hospitali moja tunaona moshi mweusi jioni, karibu kila siku. Wakati wa korona ulikuwa hadi usiku. Nguo kwa kamba zinanuka na mtoto wangu ana pumu. Je, huo moshi unaweza kutuletea ugonjwa wa hao wagonjwa? – Baba mmoja*

Baba, virusi haviruki na moshi, moto unaviua, hapo lala usingizi. Lakini usilale na huo moshi.

Tanuri zuri la taka za hospitali lina vyumba viwili. Cha kwanza kinachoma taka, cha pili kinachoma moshi wenyewe uliotoka kwa cha kwanza, na joto linatakiwa kuwa kati ya digrii 850 na 1,100. Likifanya kazi vile inafaa moshi unakuwa hauonekani au ni mwembamba sana. Ukiona mweusi mzito ujue joto halijafika, au wamejaza kupita kiasi, au wanaokoa mafuta, au mahali pa tanuri kuna pipa tu na kiberiti. Na kinachochomwa hapo ni plastiki nyingi, kuna mifuko ya dripu na mipira inayotengenezwa kwa PVC, aina moja ya plastiki, ambayo ikichomwa kwa moto hafifu inatoa sumu zinaitwa dayoksini. Hizo husababisha saratani, na hazipotei haraka, zinatua kwenye udongo na majani, zinaingia kwa kuku anayedonoa hapo na ng'ombe anayelishwa hapo, alafu zinakuja kwako ndani ya yai na maziwa. Ndio maana kuna Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya nayo imo, unaotaka nchi zipunguze sumu za aina hii. Na kwa mtoto mwenye pumu hata huo moshi peke yake, bila dayoksini, unatosha kumrudisha hospitali.

Si lazima kila kitu kichomwe. Kuna mashine ya mvuke, otoklevu, ni kama sufuria kubwa ya presha, taka zinapikwa na mvuke wa digrii 121 au zaidi mpaka vijidudu vife, zinasagwa, zinaenda na taka za kawaida. Haifai kwa sehemu za mwili wala dawa zilizoisha muda, lakini kwa glavu na bandeji na sindano inafaa kabisa, bila moshi. Kwa maoni yangu hospitali yoyote iliyo katikati ya nyumba za watu haikustahili kuwa na chimni hata moja.

Cha kufanya: wewe na majirani chukueni daftari, andikeni tarehe, saa moshi ulianza, ukaisha saa ngapi, rangi yake, na picha za simu. Mwezi mmoja unatosha. Pelekeni nakala kwa hospitali yenyewe kwanza, muone mhandisi au afisa wa afya ya mazingira, wakati mwingine ni kichomeo kimeharibika na hakuna mtu amelalamika. Wasipojibu, NEMA na ofisi ya afya ya umma ya kaunti. Kifungu cha 42 cha Katiba kinawapa haki ya mazingira safi na kifungu cha 70 kinawaruhusu kwenda mahakamani bila hata kuonyesha kwamba mmeshaumia.

*Sista, tukiwa na mgonjwa wa mpox nyumbani vitambaa na nguo zake tunafanyia nini? Ni ploti, choo ni kimoja watu wote. – Roysambu*

Ganda la kidonda cha mpox lina kirusi ndani hata likidondoka. Kwa hivyo shuka na nguo zake msizikung'ute, hasa pale kwa korido ambapo mnafulia pamoja. Zikunjeni kwa upole kuelekea ndani, mzitie kwa beseni lake mwenyewe, sabuni na maji ya moto, anayefua avae glavu na barakoa. Bandeji zilizotumika ziwe kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, fungeni, na kituo kinachomhudumia mgonjwa kiwaambie wapi pa kuzipeleka, msizitupe kwa mtaro.

Choo na mahali ameshika pangusieni maji ya jik. Chupa ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, chukua kikombe kimoja cha jik na vikombe sita vya maji, hiyo ndiyo asilimia 0.5 tunayotumia hospitalini. Changanyeni ya siku hiyo tu. Na tafadhali msichanganye jik na dawa nyingine ya choo, hasa zile zenye asidi, hewa inayotoka inaweza kukuangusha hapo hapo.

*Sisi ni kikundi cha vijana wa kuzoa taka Mathare, nyumba kwa nyumba. Wakati wa korona watu walikuwa wanauguzwa nyumbani na hakuna aliyetuambia nyumba gani. Tulibeba hivyo hivyo na mikono. Ugonjwa mwingine ukija tudai nini? – Vijana wa taka*

Vijana wangu, barua yenu nimeisoma mara nyingi. Serikali ilipoanza mpango wa kuuguza watu nyumbani Juni 2020, ilisema mengi kuhusu mgonjwa, chumba chake, sahani zake. Nyinyi mliokuwa mnabeba kilichotoka kwa hicho chumba hamkukumbukwa inavyotakiwa, na naona ni aibu yetu sisi wa afya.

Msidai kuambiwa nyumba gani ina mgonjwa, hiyo ni siri yake na mtaa ukijua utamfukuza. Dai hili badala yake: kila nyumba, iwe na mgonjwa isiwe naye, barakoa, tishu na nepi ziwe kwenye mfuko wake umefungwa, na nyumba yenye mgonjwa ifunge mara mbili na kuweka kando siku tatu kabla ya kutoa. Hizo siku tatu zina sababu, utafiti wa 2020 uliona kirusi cha korona kwenye plastiki hadi saa 72. Baadaye ilionekana watu wengi waliambukizwa kwa hewa kuliko kwa kushika vitu, kwa hivyo msiishi kwa hofu ya kila mfuko, lakini siku tatu hazigharimu mtu kitu.

Kwenu nyinyi, gamubuti, glavu nzito, na maji na sabuni kabla ya kula, hata kama ni mtungi mmoja uko kwa mkokoteni. Mwende kama kikundi kwa kituo cha afya kilicho karibu muulizie chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda, kikundi cha watu wengi ni vigumu kukigeuza mlangoni. Mfuko usibonyezwe na mguu wala mkono ndio uingie kwa mkokoteni.

Na kuna chemisti na zahanati ndogo zinazowapa mfuko wao jioni na shilingi hamsini juu. Mkiuinua mkasikia kitu kinagongana ndani kama vichupa, au mkaona mpira wa dripu, urudisheni chini pale pale mlangoni kwake, mumuulize mwenyewe ni kampuni gani ya leseni inachukua taka zake, na awaonyeshe karatasi.